Kuhamia oili ya sintetiki kwenye lori lililotumika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanaulizwa na watu wenye Canter, Fuso, Isuzu, Hilux na kirikuu zilizoingia nchini zikiwa zimeshatumika, na wanaotaka injini ziwadumu. Msimamo wangu nautoa mapema. Sintetiki ni oili bora na ninaipendekeza, lakini haitibu injini iliyochoka. Inamfaa mwenye injini nzima anayetaka ibaki nzima.

Canter yangu imetoka Japani na imeshapita kilomita laki mbili. Nimechelewa?

Hujachelewa. Kilomita peke yake si kipimo. Injini ya 4D33 yenye laki tatu iliyomwagwa oili kwa wakati inaweza kuwa na hali nzuri kuliko ya laki moja iliyobeba mchanga kila siku na kufanyiwa sevisi pale mwenyewe alipokumbuka. Namba ya dashibodi nayo unaiamini kwa kiasi. Kagua injini yenyewe kwanza, ndipo uamue.

Nitajuaje kama injini yangu ni nzima?

Anza alfajiri, injini ikiwa baridi kabisa. Wewe piga stata, mwenzio asimame nyuma aangalie bomba la moshi. Moshi mweupe kidogo unaopotea haraka ni jambo la kawaida kwa dizeli. Moshi wa bluu unaoendelea hata injini ikishapata moto maana yake oili inaungua: ringi za pistoni zimekwisha, sili za vali zimekakamaa, au tabo (turbo, inayosukuma hewa kwenye injini) inavujisha.

Injini ikishapata moto, iache ingurume bila kukanyaga mafuta. Fungua kifuniko cha kujazia oili, kigeuze juu chini, kiweke juu ya tundu bila kukifunga. Kikitikisika kidogo tu, sawa. Kikirushwa, au hewa ikitoka kwa mapigo pamoja na moshi, hiyo ndiyo mafundi wanaiita injini kupumua: gesi ya mlipuko inapita pembeni ya pistoni na kushuka kwenye oili. Injini inayopumua kwa nguvu inachafua oili yoyote kwa kasi, ya bei rahisi na ya bei ghali vilevile.

Kabla hujakirudisha kifuniko, kitazame upande wa ndani. Utando mwembamba wa kahawia hauna neno. Tope jeusi unaloweza kulikwangua kwa ukucha linaonyesha kwamba oili ilikuwa ikipitishwa muda, na tope kama hilo limejaa pia mahali usipopaona. Ukikuta rangi ya maziwa, maji yameingia kwenye oili. Hapo suala la sintetiki liweke kando mpaka ujue kama ni gasketi ya silinda hedi au kipoza oili.

Mwisho pima ulaji. Jaza hadi alama ya juu ya stiki (kijiti cha kupimia oili), tembea kilomita 1,000, kisha pima tena gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa kwa dakika kumi hivi. Ikipungua kidogo, endelea na mpango wako. Ikiomba lita nzima au zaidi, pesa ya sintetiki iweke akiba ya ringi.

Injini inakula oili. Sintetiki haiwezi kupunguza?

Mara chache. Kama ringi zimeganda kwenye mifereji yake kwa sababu ya kaboni, oili yenye visafishaji vizuri inaweza kuzilegeza polepole. Kama chuma kimelika, hakuna oili inayorudisha chuma. Kwa injini ya namna hiyo, 15W-40 ya kawaida (namba hizi nazieleza mbele) yenye ubora unaojulikana, ikimwagwa mapema, inatosha mpaka siku ya kufungua injini.

Kwani sintetiki ni nini hasa?

Oili yoyote ya injini ni msingi pamoja na viungo: visafishaji, vizuia kutu, vizuia msuguano, viua asidi. API, taasisi ya mafuta ya Marekani, inagawa misingi katika makundi matano. La kwanza na la pili ni mafuta ghafi yaliyosafishwa, nayo ndiyo oili ya kawaida ambayo wauzaji huiita mineroli. La tatu limesafishwa kwa nguvu zaidi kwa kutumia haidrojeni. La nne ni PAO, msingi unaotengenezwa kiwandani kwa kuunganisha molekuli ndogo ndogo. La tano ni mengine yote, zikiwemo esta.

Mpaka miaka ya 1990 wengi waliamini kwamba sintetiki ni kundi la nne na la tano tu. Mwaka 1999, baada ya Mobil kumlalamikia Castrol, chombo cha usuluhishi wa matangazo Marekani kiliamua kwamba kundi la tatu nalo linaweza kutangazwa kama sintetiki. Ndiyo maana leo madumu mawili yenye neno lilelile mbele yanaweza kutofautiana bei sana. Kwa lori la kawaida, kundi la tatu zuri linatosha. Ninachokiangalia zaidi ni viwango vilivyoandikwa nyuma ya dumu.

Wanasema ukichanganya sintetiki na mineroli oili inaganda. Kweli?

Si kweli. Oili za injini zenye viwango vya API hupimwa ili ziweze kuchanganyika na nyingine za aina hiyo, na hata ukimwaga vizuri sehemu ya oili ya zamani hubaki kwenye njia zake na kwenye kipoza oili. Na hizo zinazouzwa kama nusu sintetiki ni mchanganyiko wa misingi hiyohiyo. Ukiishiwa njiani, bora uongeze mineroli yenye namba ileile kuliko kuendesha oili ikiwa chini ya alama.

Fundi wangu anasema gari la zamani likiwekwa sintetiki linaanza kuvuja.

Maneno hayo yana chanzo chake. Sintetiki za mwanzo za miaka ya 1970 zilizotumia PAO zilifanya sili za mpira zisinyae, na magari yalivuja kweli. Watengenezaji walirekebisha kwa kuongeza esta, ambazo huufanya mpira uvimbe kidogo. Hilo lilikwisha zamani.

Kinachotokea leo ni kingine. Sili iliyochoka inaweza kuwa imezibwa na tope lake lenyewe. Oili mpya yenye visafishaji ikiliondoa lile tope, uvujaji uliokuwepo unajitokeza. Vilevile mtu akitoka 20W-50 akaruka moja kwa moja kwenye 5W-30, oili nyepesi itapata upenyo ambao nzito haikuupata. Kama sili ya nyuma ya krenki tayari inadondosha, ibadilishe kwanza, hasa ukiwa na kazi ya klachi, maana giaboksi litakuwa limeshashushwa.

Nianze kwa kuweka dawa ya kusafisha injini?

Hapa nina msimamo mkali: kwa lori ambalo historia yake huijui, usiweke. Dawa ya kuzungusha dakika kumi inabandua tope kwa mabonge, na mabonge yanashuka kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini), mahali ambapo pampu inafyonza oili kupitia kichujio cha waya. Kikiziba, beringi za krenki na tabo zinakauka huku stiki ikionyesha oili imejaa. Wenye Hilux na Prado zenye injini za 1KD za mwanzo wanaujua mkasa huu kwa njia nyingine: sili za nozo (vinyunyizio vya dizeli) zikivuja, gesi ya mlipuko huingia kwenye oili, kaboni hujikusanya kwenye kichujio hichohicho, na dalili ya kwanza huwa taa ya oili kuwaka. Ukiwa na 1KD, kagua sili za nozo na ufungue sampo ukione kichujio kwa macho kabla hujafikiria oili ya bei.

Badala ya dawa, safisha kwa subira. Weka oili nzuri, imwage mapema, weka nyingine, imwage mapema tena. Tope linayeyuka kidogo kidogo na kutoka pamoja na oili badala ya kumeguka.

Nichukue namba gani: 15W-40, 10W-40, 5W-40 au 5W-30?

Namba ya mwisho ndiyo inayohusu injini ikiwa ya moto. Oili zote zinazoishia na 40 zina mnato kati ya 12.5 na 16.3 kwa kipimo cha sentistoki kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Zinazoishia na 30 ni kuanzia 9.3 hadi chini ya 12.5. Namba ya kabla ya W inahusu baridi: 5W lazima isukumike kwenye nyuzi 35 chini ya sifuri, 15W kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri.

Utauliza baridi ya namna hiyo iko wapi Tanzania. Haipo, lakini oili inayotiririka haraka kwenye baridi kali hutiririka haraka pia saa kumi na moja alfajiri Njombe au Makete, na sekunde za kwanza baada ya stata ndizo zinazokula vyuma. Kwa hiyo ukitoka 15W-40 ya kawaida kwenda 5W-40 au 10W-40 ya sintetiki, hujapunguza ulinzi wa joto la Dodoma wala wa mlima Kitonga. Umebaki kwenye 40 ileile na umeongeza wepesi asubuhi. Ninayemshauri kuhamia huwa namwambia abaki kwenye 40.

Baadhi ya malori ya Japani ya karibuni yana kibandiko cha 10W-30. Fuata kitabu cha gari lako, ila angalia jedwali lake la hali ya hewa, kwa sababu vitabu vingi huruhusu 40 kwenye nchi za joto. Na oili yoyote yenye alama ya FA-4 iache dukani. Ilitoka Desemba 2016 kwa injini mpya za Marekani, ni nyepesi makusudi, na haikutengenezwa kwa ajili ya injini za zamani wala dizeli yenye salfa zaidi ya ppm 15 (sehemu 15 kwa kila milioni).

Na zile herufi: CI-4, CK-4, DH-1, DH-2, E7?

Swali la kwanza la kujiuliza ni kama bomba lako la moshi lina DPF, yaani chujio la masizi. Oili ikiungua huacha majivu, na majivu hayo hayaungui tena. Yanajaza chujio mpaka lizibe. Lori lenye DPF linahitaji oili ya majivu kidogo: DH-2 kwa kipimo cha JASO cha Japani, au CJ-4 na CK-4 kwa API. Kwa pickup na magari madogo ya dizeli yenye chujio hilo, Wajapani wana DL-1, ambayo majivu yake ni madogo zaidi.

Lori lisilo na DPF, kama Canter za 4D33, Fuso za 6D16 au Land Cruiser ya 1HZ, lina uhuru mkubwa: DH-1, CI-4 au E7 ya ACEA (kipimo cha Ulaya) ni sahihi kabisa. Binafsi kwa injini hizi napendelea CI-4 au E7, kwa sababu kwa kawaida zina akiba kubwa ya viua asidi. Dizeli ya Afrika Mashariki iliwekewa kikomo cha salfa cha ppm 50 Januari 2015, wakati ya Japani ni ppm 10. Salfa ikiungua hutengeneza asidi, na asidi hiyo oili lazima iiue.

Kwa Scania, Volvo, MAN na Mercedes, usiishie kwenye API. Tafuta alama ya mtengenezaji mwenyewe, mfano, kwa mpangilio huohuo, LDF-3, VDS-4, M 3277 au 228.5.

Nikihamia, nimwage kila baada ya kilomita ngapi?

Hapa ndipo pesa inapopotea au kuokolewa. Wauzaji watakwambia kilomita elfu ishirini. Usianzie huko. Ya kwanza imwage kwenye 3,000, maana inabeba uchafu wa oili zilizotangulia. Ya pili 5,000. Kuanzia ya tatu, kama haina tope na haipungui, nenda 8,000 hadi 10,000 bila kuvuka kikomo cha kitabu cha gari. Zaidi ya hapo peleka sampuli maabara. Chuma kikizidi, kuna kitu kinalika. Silikoni ikizidi, vumbi linaingia kupitia kichujio cha hewa.

Kilomita nazo hudanganya kwa gari la mjini. Lori linalosimama foleni ya Barabara ya Mandela au linalosubiri mizigo injini ikinguruma linachosha oili bila kuongeza kilomita. Kuna watengenezaji wanaohesabu saa moja ya kunguruma bila kutembea kuwa sawa na takribani kilomita 40. Ukiwa na kazi ya namna hiyo, au ya mchanga na kokoto, punguza muda.

Sasa hesabu. Tuseme injini inachukua lita 10. Kwa kilomita 20,000, mineroli ya kila 5,000 ni lita 40 na filta nne. Sintetiki ya kila 10,000 ni lita 20 na filta mbili. Kama bei ya lita ya sintetiki ni mara mbili, umetoka sawa kwenye oili na umeokoa filta mbili na siku mbili za kusimama gereji. Ikiwa ni mara tatu, oili yenyewe imekugharimu zaidi, na faida lazima uitafute kwenye uimara wa injini. Mwenye lori la safari ndefu hiyo faida anaipata. Mwenye kirikuu ya kuzunguka mtaani na kumwaga kila 5,000 aangalie mara mbili.

Mbona imekuwa nyeusi siku ya pili tu?

Kwa dizeli ni kawaida. Masizi ndiyo yanayoipa rangi, na kazi ya oili ni kuyabeba yasishikamane. Ukitaka kujua zaidi ya rangi, dondosha tone moja kutoka kwenye stiki juu ya karatasi ya kuchujia kahawa na uliache usiku kucha. Oili iliyo hai husambaza duara pana la kijivu linalofifia taratibu. Oili iliyochoka huacha doa jeusi lenye ukingo mkali katikati, na nje yake pete safi. Hapo imeshindwa kuyabeba masizi, imwage.

Cha kuogopa kuliko weusi ni kina kuongezeka kwenye stiki. Oili haizaliani. Ni dizeli inayovuja kutoka kwenye nozo au pampu, au DPF inayojisafisha mara nyingi mno, au maji.

Sintetiki italinda nini hasa kwenye injini yangu?

Kwanza tabo. Inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na oili ndiyo inayoilainisha na kuipoza. Ukipanda Kitonga na mzigo kisha ukazima injini papo hapo Ilula, oili iliyobaki ndani ya tabo inachemka. Mineroli huacha kaboni ngumu haraka zaidi, sintetiki huvumilia. Hata hivyo iache injini ingurume dakika mbili au tatu kabla ya kuzima. Pili ni stata ya asubuhi, tuliyoiona. Tatu ni usafi wa mifereji ya ringi kwa miaka.

Haitakulinda na kichujio cha hewa kilichotoboka, rejeta iliyoziba, wala nozo inayomimina dizeli. Hivyo vinaua injini nyingi. Matumizi ya dizeli huenda yakapungua kidogo tu, kwa hiyo usihamie kwa sababu hiyo.

Kirikuu na magari mengine ya petroli je?

Tumia oili ya petroli, yenye herufi SN au SP, kwa namba ya kitabu, mara nyingi 5W-30. Injini ya Suzuki Carry ya cc 660 inabeba oili kidogo sana, kwa hiyo ikipungua nusu lita tu ni sehemu kubwa. Pima kila wiki.

Nitaepukaje oili feki?

Oili feki ikijazwa kwenye dumu la sintetiki inakuibia mara mbili: umelipa bei kubwa, halafu umeongeza kilomita ukiamini umewekeza. Wengi wanaojaza feki hutumia madumu halisi yaliyookotwa gereji, ndiyo maana lebo peke yake haitoshi. Kagua pete ya kifuniko kama imekatika au imegundishwa. Linganisha namba ya toleo na tarehe iliyochapwa kwenye dumu, na ikiwepo kwenye boksi, zifanane. Angalia alama ya TBS. Nunua kwa wakala au kituo cha mafuta chenye leseni ya EWURA ya vilainishi, udai risiti ya EFD. Bei ikiwa chini sana ya wengine wote Kariakoo, ondoka. Oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa lililo wazi usiiguse kwa injini yenye tabo.

Na wewe ukimaliza, toboa madumu yako kwa msumari kabla ya kuyatupa.

Siku ya kubadilisha nifanyeje?

Mwaga injini ikiwa ya moto kiasi, uiache idondoke nusu saa. Badilisha washa ya nati ya sampo. Filta iwe mpya na halisi, na hakikisha mpira wa filta ya zamani haukubaki umeng'ang'ania kwenye injini, maana miwili ikikaa pamoja itamwaga oili yote barabarani. Filta ya zamani ikate uikunjue karatasi yake juani: vumbi jeusi ni masizi, vipande vinavyong'aa ni beringi, na hapo muite fundi kabla ya kujaza kitu. Jaza mpaka katikati ya alama mbili za stiki, piga stata, usikanyage mafuta mpaka taa ya oili izime. Zima, subiri, pima, malizia hadi alama ya juu. Andika kilomita na tarehe kwenye kibandiko karibu na usukani, pamoja na jina la oili, ili dereva akiongeza njiani ajue aombe ipi.

Nikiona gharama imenizidi, naweza kurudi mineroli?

Unaweza, wakati wowote wa sevisi, bila dawa wala matayarisho. Baki kwenye herufi na namba zinazolingana na gari lako, na urudishe muda wa kumwaga kwenye kilomita 5,000 siku hiyohiyo.